Nyumba Zinazopitishwa na Kimya

Tangazo lenyewe huwa dogo kuliko la kifo. Fungua gazeti lolote la kila siku nchini Kenya: kurasa za tanzia zina picha ya marehemu akiwa amefunga tai, majina ya wajukuu, ratiba ya ibada na saa ya msafara kuondoka hifadhi ya maiti. Pembeni, kwenye safu ya herufi ndogo zilizobanana, ndipo inapokaa ilani ya mwenye shamba anayetaka ardhi ya kilimo igeuzwe kuwa ya makazi. Ina namba ya ploti, jina la eneo, maneno mawili matatu kuhusu kinachokusudiwa kujengwa, na mwaliko kwa yeyote mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi katika ofisi ya mipango ya kaunti, kwa kawaida ndani ya siku 14. Imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Jirani anayechuma chai yake upande wa pili wa ua hana gazeti hilo, na hata angekuwa nalo angeanza na tanzia, maana ndivyo tunavyosoma sote.

Nakala nyingine hubandikwa shambani penyewe. Karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, misumari minne, mti wa mkaratusi ulio kando ya njia. Kericho ni nchi ya mvua za alasiri. Maji huingilia juu, pale mfuko ulipoachwa wazi, wino wa printa ukaanza kuteremka, na baada ya siku chache kinachosomeka vizuri ni nembo ya kaunti tu. Watoto wa shule wanaipita. Kisha linakuja lori la kwanza la mchanga, na hapo ndipo mtaa mzima unapojua kwamba uliulizwa swali na ukanyamaza.

Kunyamaza huko kuna uzito wa kisheria. Katika ukanda wa chai wa Kericho na Bomet, ambako kila msimu ghorofa mpya inachungulia juu ya majani mabichi, nyumba nyingi hazipitishwi kwa mjadala wala kwa kura. Zinapitishwa na kimya: kimya cha jirani ambaye hakuona ilani, na wakati mwingine kimya cha ofisi yenyewe.

Kwanza tuweke mambo mahali pake. Kericho haina baraza la jiji. Majiji ya Kenya ni matano: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru lililotangazwa Desemba 2021, na Eldoret lililofuata Agosti 2024. Baraza la Manispaa ya Kericho, lile ambalo madiwani wake waliwahi kukaa na kuamua ni ramani gani ipite na ipi irudishwe, lilizikwa pamoja na mabaraza mengine yote ugatuzi ulipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Siku hizi Kericho ina bodi ya manispaa, na Bomet vilevile, lakini kalamu ya kuidhinisha ujenzi inashikwa na waziri wa kaunti mwenye dhamana ya ardhi na mipango, kwa ushauri wa mkurugenzi wa mipango. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti mipango na nyumba, na serikali kuu ikabaki na sera ya nyumba. Wazee wangali wanasema wanapeleka plani kanso. Kanso haipo, ila tabia ya kuipelekea plani imebaki.

Sheria inayotawala kazi hiyo ni ya upangaji na matumizi ya ardhi, iliyoanza kutumika tarehe 5 Agosti 2019 na kuiondoa ile ya 1996. Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ombi likishapokelewa, kaunti ina siku saba za kulisambaza kwa taasisi zinazohusika: wenye maji, wenye barabara, wenye umeme, wenye mazingira. Hizo nazo zina siku 14 za kutoa maoni. Mwombaji anatakiwa kuuarifu umma, na umma unaalikwa kupinga.

Halafu kuna kifungu ambacho wananchi wengi hawajapata kukisikia. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinachukuliwa kuwa kimetolewa.

Sina chuki na kifungu hicho. Kilitungwa kwa sababu nzuri. Miaka na miaka, katika ofisi nyingi za mipango nchini, faili lililala kwenye droo mpaka mwenyewe atoe chai, na si ile inayochumwa Kericho. Siku 60 ni kiboko cha kuliamsha. Lakini kiboko hicho kinamchapa asiyehusika. Ofisi ikiwa na wapangaji wa miji wachache, gari moja lisilo na mafuta na rundo la maombi, siku zinapita zenyewe. Jengo linapata uhalali ambao hakuna mtu aliyeutia sahihi, na hakuna ofisa aliyefika kutazama mteremko wake.

Ili kuelewa kwa nini maombi yenyewe yanarundikana mahali pachache, ingia Kericho kwa barabara ya kutoka Nakuru. Kuanzia kabla ya mahali paitwapo Brooke mpaka karibu na Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond miaka ya 1950, ni chai kulia na chai kushoto. Wapiga picha wanapapenda. Mgeni anaweza kudhani kuna mpangamiji mwerevu aliyeuzungushia mji ukanda wa kijani. Hakuna. Uliozungushwa pale ni mwaka 1919.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa katika muda wa miaka michache, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 iliangukia kwenye kampuni za Brooke Bond na James Finlay, na kitani kikafuatwa na chai. Waliokuwa wakiishi humo walisukumwa kwenye hifadhi za wenyeji, au wakabaki kama maskwota na vibarua juu ya makaburi ya babu zao.

Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Talai, ukoo wa orkoiik, watabiri ambao Waingereza waliwaogopa kuliko bunduki. Mamia ya watu, na watoto wakiwemo, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Waliporudi karibu na uhuru, mwaka 1962, ardhi yao ilikuwa chai tayari. Wengi waliishia kusongamana katika kijiji ndani ya mji wa Kericho kinachoitwa kwa jina lao mpaka leo. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliieleza Uingereza wasiwasi wao, na Agosti 2022 malalamiko yakafikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kwa hiyo ofisa wa mipango anaposimama Kericho na kusema kwamba makazi duni yataboreshwa na wakazi watahamishwa kwa muda tu, asishangae akikuta macho yaliyokauka. Kuhamishwa kwa muda ni jambo ambalo familia hizo zimewahi kulisikia.

Katiba ya 2010 ilifupisha mikataba ya ardhi ya miaka 999 iliyoshikiliwa na wasio raia, ikawa miaka 99. Mwaka 2023 James Finlay iliyauza mashamba yake ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Yale yaliyokuwa ya Brooke Bond na baadaye ya Unilever yalipata wenyewe wapya mwaka 2022, yakavaa jina la ekaterra kisha Lipton, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba nayo yanauzwa kwa Browns hao hao. Mabango langoni yamebadilika. Mstari ambapo mji unakomea na chai inapoanzia haujasogea hata hatua.

Mji uliofungiwa namna hiyo unafurika pale penye mwanya. Unafurikia Nyagacho, ambako vyumba vya mabati vimeshikana bega kwa bega. Unafurikia Kapkugerwet, Kipchimchim na Kapsoit kwenye barabara ya kwenda Kisumu, yaani kwenye mashamba madogo ambayo baba aliwagawia wana, na wana wakawagawia wana. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 901,777 katika Kaunti ya Kericho na 875,689 katika Bomet. Bomet kuna mashamba makubwa vilevile, hasa upande wa Konoin, lakini mji wenyewe umezungukwa na wakulima wadogo, na msukumo mpya, huko na Kericho pia, ni wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipopata hati mwaka 2013, na Chuo cha Bomet kilipoanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, mwenye ekari moja ya chai kando ya lango alianza kupiga hesabu nyingine.

Hesabu hiyo si ngumu. Mkulima wa KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha husubiri bonasi mara moja kwa mwaka, na bonasi ya upande huu wa Bonde la Ufa imewatia watu uchungu mara nyingi wakiilinganisha na ya Murang'a au Kirinyaga. Bedsita, chumba kimoja cha kupangisha, haijui mnada wa chai wa Mombasa. Bedsita inalipa tarehe 5, mvua inyeshe au isinyeshe.

Kuna kundi jingine linalotafuta chumba, nalo halionekani kwenye takwimu za vyuo. Ni wafanyakazi wa mashamba makubwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au posho ya kutosha ya kodi, na kampuni za chai tangu enzi za ukoloni zilichagua nyumba: laini za vyumba vilivyopakwa chokaa, bomba la maji la pamoja, shule ya msingi, zahanati, uwanja wa mpira. Mtu aliweza kuzaliwa laini, kusoma laini, kuajiriwa na kuzeeka humo. Siku ya kustaafu anakabidhi ufunguo. Tangu mashine za kuchuma zilipoingia, ufunguo unakabidhiwa mapema. Hasira ya jambo hilo ilionekana Mei 2023, waandamanaji walipoteketeza mashine kwenye mashamba ya Kericho. Wengi waliopoteza kazi hawana shamba mahali pengine. Wanahitaji chumba karibu, na wanakitafuta Nyagacho, Kapsoit, Litein, Sotik, popote penye mwanya.

Basi tulifuate faili moja. Ni la kubuni, ila kila kipande chake kinapatikana kwenye maombi halisi. Mwenye shamba ana nusu ekari ya chai aliyorithi. Anataka kung'oa mashina na kujenga ghorofa tatu za bedsita, vyumba vinane kila sakafu, 24 kwa jumla. Chumba kikikaa watu wawili, ni watu 48 mahali palipokuwa na familia moja na ng'ombe.

Kama ardhi inagawanywa au kuuzwa, kituo cha kwanza ni bodi ya udhibiti wa ardhi. Sheria ya udhibiti wa ardhi ya kilimo ni ya mwaka 1967, na wenyeji husema tu "naenda bodi." Hapo kuna jambo zuri ambalo halisifiwi vya kutosha. Mke huitwa mbele, watoto wazima nao husimama, na mwenyekiti huwauliza kwa lugha wanayoielewa: mmekubali? Mama akitikisa kichwa, shughuli imekwama. Hakuna gazeti, hakuna mfuko wa nailoni. Watu wanaulizwa uso kwa uso na jibu linasikika. Linganisha na jirani wa chini ya mteremko, yule atakayepokea maji taka ya watu 48. Yeye anaulizwa na karatasi iliyolowa.

Kwenye faili kuna ramani za mchoraji aliyesajiliwa, hesabu za mhandisi wa nguzo na zege, hati ya ardhi, stakabadhi za ada na, kulingana na ukubwa wa mradi, ripoti ya mazingira ya kupelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Ramani ni safi. Ina miti iliyochorwa mviringo na gari dogo limeegeshwa mlangoni. Kinachofaa kuangaliwa kiko nje ya ukingo wa karatasi.

Maji taka, kwa mfano. Mabomba ya maji taka ya mji hayajafika kwenye mitaa mingi ya pembezoni, kwa hiyo jengo letu litategemea tangi la septiki na shimo la kunyweshea. Udongo mwekundu wa Kericho ni mzito na wa kina, unakunywa maji vizuri, na fundi atakuambia hivyo kwa fahari. Lakini mvua hapa ni kati ya milimita 1,400 na 2,100 kwa mwaka, na haina likizo ndefu. Udongo uliokwisha kushiba haunywi. Kinachotoka kwenye shimo kinateremka polepole ndani ya ardhi kuelekea chini, na chini huko, katika nchi hii ya vilima, karibu kila mara kuna chemchemi ambayo akina mama wanateka. Baada ya chemchemi kuna mto. Kericho ni Kimugu na vijito vinavyoishia Sondu na Ziwa Victoria. Bomet ni Nyangores, unaopita kando ya mji na kuwa mmoja wa mito miwili inayouzaa Mara. Choo cha Silibwet, huko Bomet, kina majirani hadi Serengeti.

Sheria za maji zinataka ukingo wa mto uachwe wazi, mita 6 mpaka 30 kulingana na upana wa mto. Kwenye ramani ukingo huchorwa kwa mstari wa nukta. Shambani mstari huo haupo. Kuna nyasi za napia alizopanda jirani, na mwaka ukipita kuna ukuta.

Barabara ni jambo lingine. Njia ya kuingia ni ya udongo, upana wa mita chache, na ndiyo hiyo hiyo lori la kiwanda linapitia kwenda kituo cha kununulia majani. Malori ya mchanga na kokoto yakiichimba wakati wa mvua, lori la kiwanda linagoma kupanda. Majani yanashinda kwenye magunia, yanapata joto, yanabadilika rangi kuwa shaba, na karani wa kituo anayakataa. Kilo za watu 30 zinamwagwa kwa ajili ya ujenzi wa mtu mmoja. Hilo ni pingamizi halali kabisa na lina dawa nyepesi: sharti kwenye kibali kwamba mjenzi aweke kifusi kabla ya kuleta mchanga, na asisafirishe chochote siku za kupokea majani. Sheria inairuhusu kaunti kutoa kibali chenye masharti. Lakini sharti kama hilo haliwezi kubuniwa na mtu aliyeko mezani mjini. Lazima alisikie kutoka kwa mchumaji.

Na paa. Nyanda hizi za Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Ikianza, mazungumzo chini ya mabati yanakoma. Watu wanatazamana tu mpaka ipite, kisha mmoja anatoka kutazama chai yake na kurudi bila kusema kitu. Mjenzi anayebana pesa kwa kununua bati jembamba anawanunulia wapangaji wake ndoo za kukingia. Kanuni za ujenzi tulizokuwa nazo zilikuwa za mwaka 1968 mpaka zile za 2024 zilipochukua nafasi yake. Mpya ni kitabu kinene. Kitasaidia kikisomwa eneo la kazi, na siku ya kumwaga zege.

Tunajua gharama ya kutokisoma. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka na kuua watu karibu 50. Jengo lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa. Alama ilionwa na wengi.

Vipi kuhusu vile vikao vya maoni ya wananchi? Kwa miradi mikubwa, hasa ya serikali, huitishwa. Hema linasimamishwa, viti vyeupe vya plastiki vinapangwa, kunapita soda na karatasi ya kusaini mahudhurio. Wahandisi wanaeleza kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili cha ofisini, mwakilishi wadi anawasalimia kwa Kikipsigis, wanacheka, wanapiga makofi. Baadaye karatasi ya mahudhurio inakwenda kwenye faili na kugeuka kuwa ushahidi wa ridhaa. Mtu alisaini kwamba alifika. Inasomwa kwamba alikubali. Novemba 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, ilieleza kwamba ushirikishwaji wa umma lazima uwe wa kweli na wenye maana, na kwamba kutimiza utaratibu tu hakutoshi. Sijui ni hema ngapi zimepata nakala ya uamuzi huo.

Wakipsigis walikuwa na kokwet, baraza la ujirani, likiongozwa na mzee wake, boiyot ab kokwet. Mwanaanthropolojia Peristiany, aliyeandika kuwahusu mwaka 1939, alilikuta likifanya kazi, na hata sasa jina hilo linatumika kwa mikutano ya kijiji. Mpaka wa shamba, njia ya ng'ombe, haki ya kuteka maji: mambo hayo yalizungumzwa hapo, chini ya mti, karibu na mahali penyewe penye ugomvi. Mtu aliweza kunyoosha fimbo na kusema mpaka unapita pale. Sitaki kulipamba. Wanawake hawakuwa na sauti sawa ndani yake, na mpangaji au mgeni hakuwa na kiti. Lakini lilikutana kwenye eneo husika, na hicho ndicho kinachokosekana leo. Ofisi ya mipango ingeweza kuomba dakika 20 kwenye baraza la chifu, au Jumapili baada ya ibada, au kwenye kituo cha majani saa za kupima, ambapo kijiji kizima kinasimama kwenye foleni bila la kufanya. Hakuna sheria inayokataza. Gharama yake ni nauli ya ofisa mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo watetezi wa ushirikishwaji hawapendi kuligusa. Pingamizi nyingine hazihusu maji taka. Kericho ina kumbukumbu ya mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, wafanyakazi wa jamii nyingine walipofukuzwa kwenye laini za mashamba ya chai na nyumba kuchomwa. Mtu anaposimama kikaoni na kuuliza vyumba 24 vitajazwa na watu wa wapi, kila mmoja chini ya hema anaelewa swali. Wapangaji wa baadaye hawamo humo kulijibu, hata hawajajulikana. Kwa hiyo ofisa anayesikiliza ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Asikilize kila neno kuhusu kinachojengwa, na azibe masikio kuhusu nani atakayelala humo. Kwa sasa, kwa sababu hasikilizi lolote kati ya hayo, anajiona salama.

Serikali inapokuwa ndiyo mjenzi, mambo yanachanganyika zaidi. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wote kutoka kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kutoka kwa mwajiri, ulianza na Sheria ya Fedha ya 2023, ukaangushwa na Mahakama Kuu tarehe 28 Novemba mwaka huo, ukarudi na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024. Mchuma chai anayepata shilingi 10,000 anakatwa 150. Sheria hiyo inamweka katika kundi la nyumba za kijamii, la wanaopata chini ya 20,000 kwa mwezi. Pia inataka kila kaunti iwe na kamati ya nyumba za bei nafuu, jambo ambalo linaweza kuwa kinga au muhuri tu, kutegemea nani anakaa humo. Ardhi ya kujengea aghalabu ni ya umma: nyumba za zamani za baraza, kiwanja cha idara fulani. Mwombaji ni serikali, mwamuzi ni serikali, na waliomo ndani ya nyumba za zamani wanapewa notisi. Ni vigumu kumpata ofisa wa kaunti atakayeandika "imekataliwa" kwenye faili la mradi ambao rais ameshauwekea jiwe la msingi.

Na bado, ukilinganisha, miradi ya serikali ndiyo inayoonekana zaidi. Ina bango, ina mkandarasi mwenye jina, ina waandishi wa habari. Ujenzi unaobadilisha sura ya Kericho na Bomet ni ule wa nusu ekari nusu ekari, wa mtu binafsi, ambao hauna jiwe la msingi wala mgeni wa heshima.

Jirani aliyechelewa ana mlango mmoja. Asiyeridhika na uamuzi wa waziri wa kaunti, awe mwombaji au mtu mwingine mwenye maslahi, anaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti iliyoundwa na sheria ile ile ya 2019, na kutoka hapo kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku za kukata rufaa ni 14, na zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, bila kujali jirani aliusikia lini. Kwa kibali kilichoandikwa, mtu anaweza angalau kuomba kuiona barua na kusoma tarehe. Kibali kilichopatikana kwa kupita siku 60 hakina barua. Anayetaka kukipinga itabidi kwanza aende kaunti kuuliza faili liliingia siku gani, na ofisi atakayoiuliza ni ile ile ambayo haikujibu.